Mama anaharisha na yuko kwenye Lasix. Leo nimpe?

BintiNewala:
Habari za asubuhi. Mama yangu ana miaka 67, tuko kijijini Newala. Ana presha na moyo umetanuka, anameza Lasix (dawa ya kukojoza maji) ya miligramu 40 kila asubuhi pamoja na enalaprili ya presha. Dawa zimemsaidia kweli. Mwaka jana miguu ilivimba hata kandambili hazimwingii, msimu huu kaokota korosho mwenyewe.

Tangu juzi anaharisha, jana katapika mara mbili. Leo alipoinuka kitandani aliyumba, akadaka ukuta. Usiku misuli ya miguu inambana. Tangu jana jioni kakojoa mara moja tu, mkojo rangi ya chai. Na anadai kidonge chake, maana daktari alimwambia asiruke hata siku moja. Ninacho mkononi. Nimpe?

NesiMstaafu:
Mwanangu, kirudishe kwenye pakiti, na enalaprili pia isubiri. Lasix inatoa maji na chumvi mwilini, na mama tayari kaishiwa. Ukimwongezea, presha itashuka na figo zitakosa damu ya kutosha. Agizo la kutoruka ni la siku za kawaida.

Lakini usikae naye nyumbani. Mtu wa moyo akiachishwa dawa kienyeji hujaa maji tena. Mpeleke sasa hivi, apimwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama, na damu waangalie kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, pamoja na chumvi za sodiamu na potasiamu. Je, kuna dawa ya maumivu anayotumia?

BintiNewala:
Diklofenaki ya dukani, wiki nzima, kwa ajili ya magoti. Nilimnunulia mimi.

NesiMstaafu:
Usijilaumu, ila mwambie daktari neno hilo kabla ya yote. Diklofenaki, enalaprili na Lasix vikikutana kwa mtu aliyekauka, figo zinaweza kugoma ghafla.

Mikindani_Pwani:
Dada, pole. Naongeza moja, maana wapo watakaokwambia umpe madafu arudishe potasiamu. Soma kwanza jina la dawa. Lasix huipunguza potasiamu, ila baba yangu alikuwa kwenye spironolaktoni, nayo ya kukojoza lakini huibakiza mwilini, na juu yake lisinoprili, ndugu ya enalaprili, ambayo nayo huibakiza. Sisi tukawa tunamwangulia madafu mawili kila siku, tukidhani tunamtunza. Potasiamu ikapanda hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Alilazwa siku nne.

BintiNewala:
Tumerudi jioni hii. Presha ilikuwa 88 kwa 54, kreatinini imepanda. Wamemtundikia dripu taratibu, wakisikiliza mapafu kila mara. Lasix na enalaprili zimesimamishwa hadi Jumatatu arudie kipimo cha damu, diklofenaki asiiguse tena. Amekojoa vizuri mara mbili, na ameomba uji.

Wameniambia nimpime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, au akianza kuhema akilala, nimrudishe bila kungoja Jumatatu. Hapa kijijini mizani iliyopo ni ya ghala la korosho. Nani anajua duka la Newala mjini au Masasi lenye mizani ya kupimia watu?