Tupeane uzoefu: mapumziko ya baridi na marafiki kwenye kijiji cha theluji

Mkazi wa Kisasa

Habari za jioni, ndugu zangu. Vijana watatu ninaofanya nao kazi hapa Dodoma wanadunduliza fedha ili Januari wakapumzike na kuteleza kwenye theluji Zermatt, kijiji cha milimani Uswisi, na kila siku wananiuliza maswali ambayo ninayajibu nusu nusu, kwa kuwa mimi nilifika huko mara moja tu nilipokuwa masomoni Ujerumani. Ninaanza na yangu, kisha ninawaomba mliowahi kufika kwenye vijiji vya namna hiyo mseme yenu, hasa yale ambayo hamkuambiwa na mtu kabla ya safari.

Tulikwenda marafiki wanne. Magari ya kawaida hayaruhusiwi kuingia Zermatt. Tuliliacha letu Täsch, kijiji cha jirani, tukapanda treni kwa dakika kumi na mbili hivi. Kijijini yapo magari madogo ya umeme tu, na utulivu wake ni wa kiasi kwamba nilisikia buti zangu zikikanyaga theluji, mlio mkavu kama wa mtu anayetembea juu ya chumvi ya mawe.

Kosa letu lilikuwa kwamba rafiki yetu mmoja, aliyeteleza kwenye theluji tangu utotoni kwa zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni, alisema atatufundisha mwenyewe, kwa hiyo hatukulipia mwalimu. Asubuhi akatupandisha kwa treni ya meno, ile yenye gurudumu la meno linaloshika reli ili isiteleze mlimani, hadi Gornergrat, mita 3,089 juu ya usawa wa bahari. Njia za kuteremkia hutambulishwa kwa rangi: buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati na nyeusi ni ya mafundi. Yeye alituonyesha buluu, akasema hiyo ni kama barabara, na baada ya dakika chache akawa ametangulia mbali. Kwa mtu ambaye hajui kusimama, hakuna njia rahisi. Nilianguka nisijue mara ngapi, nikavua mbao, nikateremka nikiwa nimekaa hadi kituo cha Riffelberg, nikapanda treni kurudi kijijini huku vidole vya mikono vikiwa havina hisia.

Siku ya pili nililipia darasa, nikawekwa pamoja na watoto wa miaka mitano. Mwalimu alinifundisha mambo mawili tu tangu asubuhi hadi adhuhuri. La kwanza, kuzikutanisha ncha za mbele za mbao na kusukuma visigino nje, zikae kama paa la nyumba, kisha kukandamiza kingo za ndani ili mwendo upungue. La pili, kuegemea mbele hadi mfupa wa muundi uguse ulimi wa buti, kwa sababu hofu humvuta mtu nyuma, na ukiegemea nyuma mbao hukukimbia. Alasiri hiyo niliteremka kilima kizima bila kuanguka, nikauangalia mlima Matterhorn kwa mara ya kwanza nikiwa na nafsi iliyotulia.

Binti Kondoa

Kaka, asante kwa kuanzisha. Mimi na wenzangu wawili hatukwenda Ulaya. Tulikwenda Afriski, kituo cha kuteleza kwenye theluji nchini Lesotho, mwezi wa saba, wakati huku nyumbani ni kipupwe. Nawashauri vijana wako wapafikirie, kwa sababu nauli ni nafuu zaidi. Tuliruka hadi Johannesburg, tukakodi gari, tukavuka mpaka na kupita mji wa Butha-Buthe. Barabara inapanda milima kwa kona kali hadi kwenye kituo chenyewe, zaidi ya mita 3,000, na asubuhi lami ilikuwa na barafu ambayo macho hayaioni, hivyo tulisubiri jua lipande ndipo tukaendelea.

Yapo ya kujua kabla. Njia yao kuu ina urefu wa takriban kilomita moja, kwa hiyo mwenye kutaka milima mizima ya kuteremka atakinai siku ya pili. Theluji nyingi inatengenezwa: usiku, baridi inapokuwa kali, mashine hurusha maji hewani kwa matone madogo sana, nayo huganda kabla ya kutua. Nilisimama kwenye dirisha la chumba nikiitazama ile vumbi nyeupe ikimwagika chini ya taa, na nilikaa pale hadi wenzangu walipolala. Siku ya kwanza kichwa kiliniuma kwa ajili ya mwinuko. Maji mengi na mwendo wa taratibu vilinisaidia.

Mzee wa Nzuguni

Wanangu, mimi nitazungumzia bima na ukweli. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda watano kuteleza kwenye theluji Chamonix, Ufaransa. Vifungio vinavyoshika buti kwenye mbao hupimwa kwa uzito, kimo, umri na ustadi wa mtu, ili ukianguka viachie mguu. Mwenzetu mmoja aliona haya kusema kuwa ni mgeni, akajiandikisha kuwa mzoefu, navyo vikakazwa kwa kipimo cha mzoefu. Alipoanguka kwa kujipinda, mbao haikutoka, na kano ya goti ikakatika. Niliisikia ikilia nikiwa hatua kumi kutoka kwake.

Tulikuwa na bima, maana viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, haitolewi bila bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Lakini karatasi yetu, ukurasa wa tatu, ilikuwa imeondoa michezo ya theluji, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameusoma ukurasa huo. Gharama za kumteremsha mlimani na za hospitali tulichangishana, nasi tulizimaliza baada ya mwaka na nusu. Muulizeni wakala kwa maandishi kama kuteleza kwenye theluji kumo.

Mama Ipagala

Shikamoo Mzee, poleni sana. Mimi nachangia mavazi tu. Msinunue makoti Ulaya kwa bei ya kule. Makoti mazito yaliyojazwa manyoya yapo kwenye mitumba hapa hapa Dodoma, na kwa kuwa wanunuzi wake ni wachache, bei yake ni ndogo. Langu nilikuta tiketi ya zamani ya kupandia mlima imeshonwa kwenye zipu. Ila soksi na nguo za ndani za pamba ziacheni nyumbani, kwani pamba hushika jasho na jasho likipoa linakugandisha. Tafuteni za sufu. Na hata sisi wenye ngozi nyeusi tunaungua: theluji hurudisha jua usoni kutoka chini, mimi niliungua chini ya kidevu na ndani ya pua.

Mkazi wa Kisasa

Nimewasomea vijana yote haya leo mchana. Mmoja ameuliza kama inafaa wote watatu waingie darasa moja hata ikiwa mmoja ataelewa haraka kuliko wengine. Nilimsimulia habari za Philip Boit wa Kenya, aliyemaliza wa mwisho kwenye mbio za kuteleza kwenye theluji za kilomita 10, katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998, na Bjørn Dæhlie wa Norway aliyeshinda akakaa kwenye mstari wa mwisho kumsubiri, akamkumbatia. Wamekubaliana waingie darasa moja. Sasa wanatafuta bima.