Rili ya Stella SW 14000 ya mkono wa pili kwa elfu 95, ninunue ama najitafutia deni?

nahodha_wa_mlango
Salaam wakuu. Mimi hubeba wageni na boti hapa Watamu, miaka yote kazi yetu ni kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti, sulisuli na jodari, hiyo naijua usingizini. Sasa wageni wa siku hizi wanataka kusimama mbele ya boti warushe popa, kile chambo bandia cha juu ya maji, kwenye miamba wakitafuta kolekole wale wakubwa, na rili ya kurushia nilikuwa nayo moja tu ya bei rahisi, kolekole akaimaliza gia dakika mbili hivi, mkono unazunguka tupu na samaki ashaingia mwambani. Kuna jamaa anauza Shimano Stella SW 14000XG elfu 95 za Kenya. Mpya ni zaidi ya dola elfu moja, hapo usafiri na ushuru bado. Anasema haijawahi kufunguliwa tangu inunuliwe, na anaisema kama sifa. Mke wangu aliposikia bei akauliza kama inapika pia. Ninunue, ama nitafute Saltiga ya Daiwa, ama nishuke chini kidogo?

popa_kigamboni
Mkuu, rili ya maji chumvi kutofunguliwa miaka yote hiyo sio sifa, hiyo ni kesi. Stella ni rili ya maana sana sikatai, hiyo XG gia yake ni 6.2 kwa 1, yaani ukizungusha mkono mara moja uzi unazungushwa mara 6.2, kwahiyo popa unaivuta haraka bila kuchoka mkono, ila chumvi haijui bei. Kabla hujatoa hela nenda na uzi, shika kile kigurudumu kidogo ambacho uzi unapita juu yake, kizungushe kwa kidole, kikikwaruza au kikigoma ujue huyo hakuwa anaosha, maana ndo kinakufaga cha kwanza. Alafu toa spuli uchungulie chini kama kuna unga mweupe au kutu. Kaza breki, funga uzi kwenye mizani ya samaki uvute taratibu, inatakiwa itoe uzi laini kama unavuta kamba kwenye mafuta, ikitoa kwa kushtuka shtuka kolekole atakukatia uzi kabla hujajua kilichotokea. Na kuosha sio kuloweka kwenye ndoo aisee wala kupiga na mpira wa presha, hiyo unaisukumia chumvi ndani. Kaza breki, maji baridi kidogo ya kudondoka, futa, alafu legeza breki ikiwa stoo.

mpemba_muscat
Yakhe kuhusu Saltiga nikwambie yaliyonikuta. Huku Oman watu wanakwenda mpaka visiwa vya Hallaniyat kwa ajili ya kolekole, na Saltiga utaziona nyingi botini, nami ninayo. Beringi zake kuna zilofungwa kwa mafuta yenye chembe za chuma yanoshikiliwa na sumaku, ndo yanozuia maji. Mie sikujua, nkampelekea fundi mmoja, naye kwa nia njema kabisa akatia mafuta ya cherehani kila alipoona tundu, yakachanganyika na yale, siha yake ikawa ndo basi. Kwa hiyo kama hapo ulipo huna fundi anayezijua, Saltiga iwache. Halafu usibabaishwe na breki ya kilo 25 iloandikwa kwenye boksi, simama wewe kwenye boti inoyumba uvutwe kilo 25 uone kama hukumfuata samaki majini. Uzi wa kusuka wa PE 8, hiyo namba ndo unene wake, na breki ya kilo 10 hadi 13 yatosha.

mshipi_mrefu
Mnamshauri kama rili ni yake. Itashikwa na wageni! Mgeni anaiegemeza ukingoni, boti inapiga wimbi, Stella chini. Chukua Penn Slammer IV mbili, mwili chuma mtupu na imezibwa maji kiwango cha IPX6. Ni nzito, kurusha siku nzima bega litalia, lakini bega ni la mgeni.

nahodha_wa_mlango
😂😂 hiyo ya bega nimeipenda. Nimetoka kuiangalia sasa hivi, nimefanya vile kaka wa Kigamboni amesema, kigurudumu kinakwaruza kama mchanga na chini ya spuli kumeota unga kabisa. Nilipomwonyesha akakasirika eti kama sitaki kununua nisimpekulie mali yake, kisha nikiwa naondoka akashusha hadi elfu 70. Nimeenda zangu. Nitaagiza Slammer mbili kabla kaskazi haijaingia. Stella nitaendelea kuiona kwa simu usiku mama watoto akilala. Swali dogo la mwisho, uzi nitie PE 8 ama 10?

popa_kigamboni
8. Na anza na nailoni raundi kadhaa chini yake, braidi, huo uzi wa kusuka, ukiifunga tupu inateleza kwenye spuli utadhani breki imekufa.