Hoteli ya kifahari Bagamoyo: wanatangaza "kila kitu ndani", ukifika mpaka maji ya kumezea dawa unalipia

Wakuu salaam. Najua uzi mrefu mnaukimbia ila huu kaa nao, hasa wewe unayepanga kupeleka familia ufukweni likizo hii, maana mimi tangu Jumapili jioni nina hasira hata chai hainishuki, kila nikiifungua ile bili kwenye simu naisoma tena kutoka juu.

Jina la hoteli silitaji, sitaki mods wafute uzi halafu na mimi niitwe kwa makosa ya mtandao wakati pesa yangu wanayo wao. Iko Bagamoyo, ufukweni kabisa, geti kubwa, walinzi wanapiga saluti, makuti yamepangwa vizuri. Waliowahi kupigwa pale wataijua.

Tangazo nililikuta Instagram. Kifurushi cha familia, Ijumaa mpaka Jumapili, shilingi 1,450,000, wameandika kwa herufi kubwa KILA KITU NDANI, kodi ndani, watoto chini ya miaka 12 bure, boti ya familia, bwawa, ngoma usiku. Nikapiga simu kuhakikisha, dada akanijibu kwa upole kabisa "ndiyo kaka, ukishalipia wewe ni kuja tu na nguo zako". Nikalipa yote, siyo advansi, yote, kwa sababu walisema ukilipa nusu ofa haishiki. Skrinshoti ya tangazo ninayo, meseji ninazo, muamala wa benki ninao. Nawaambia mapema wale mtakaokuja na "hukusoma vigezo na masharti". Nilisoma. Hayakuwepo.

Basi tumefika, mimi, shemeji yenu, watoto watatu na mama yangu mzazi, ambaye chumba chake nilimlipia pembeni kwa bei yake. Mapokezi tukapewa juisi ya ukwaju kwenye vile vigilasi vidogo, watoto wanafurahi, nikajisemea hapa pesa imetulia. Kumbe hiyo juisi ndiyo kinywaji pekee cha bure mpaka tunaondoka.

Dada wa mapokezi anaangalia kompyuta, ananiambia "boss, huyu wa miaka tisa analipiwa, bure mwisho miaka sita". Namuonesha tangazo lao wenyewe. Anaangalia, anamwita mwenzake, wanaangalia wote wawili, jibu likatoka: "hiyo waliweka watu wa masoko, huku mfumo unakataa." Yani hoteli moja, jengo moja, ila watu wa masoko wanaishi nchi nyingine! Laki moja na ishirini ikawekwa kwenye bili ya chumba. Na wanajua kabisa hugeuzi gari saa kumi na moja jioni, una mama mzee amechoka na njia, mtoto analia anataka kuogelea. Hapo ndo wanapokushikia.

Usiku bufee. Chakula sitakisema vibaya, wali wa nazi ulikuwa wali kweli na pweza alikuwa laini mama mwenyewe akaongeza. Mhudumu akapita "mtakunywa nini", tukaagiza maji makubwa na soda za watoto, hakuna aliyefungua mdomo kusema kitu. Asubuhi ndo naambiwa vinywaji havimo kwenye kifurushi. Maji yakiwemo. Chupa ya lita moja na nusu elfu nane, ile ile ambayo kwa Mangi pale barabarani haifiki elfu mbili, na usidhani utatoka ukanunue maana yule mlinzi aliyekupigia saluti ukiingia ndiye anakukagua mfuko ukirudi, vinywaji vya nje marufuku. Mama ana presha, anameza dawa asubuhi na jioni. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa njooni kwenye boti.

Kwenye ratiba waliyotuwekea mezani imeandikwa Jumamosi saa nne asubuhi, boti ya familia. Mama yangu kazaliwa na kukulia Mlingotini, mtoto wa mvuvi, shule hakusoma sana ila bahari anaijua. Ijumaa magharibi akaona mwezi umeandama, kauzi kembamba kule juu ya minazi, akaniuliza "kesho saa nne hiyo boti itapita wapi? Si ndo bamvua hili, saa hizo maji yako kwao huko." Nikaenda mapokezi kuuliza, nikaambiwa ratiba ni ratiba, anaitoa meneja.

Kwa wa bara mnisikilize kidogo. Pwani yetu hii mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yanajaa sana na yanatoka sana, kati ya kujaa na kukauka inapita mita tatu, na siku hizo yanakauka kwenye saa nne saa tano asubuhi halafu yanajaa kwenye saa kumi jioni. Ndo bamvua hilo. Mtoto yeyote wa Dunda anakwambia, na watu wa bandari wanatoa majedwali ya maji ya mwaka mzima, tarehe na saa. Hoteli iko ufukweni imeshindwa kumuuliza hata mvuvi mmoja kabla ya kuchapa ratiba.

Saa nne kamili tuko ufukweni tumevaa maboya ya rangi ya chungwa, watoto wamepakwa losheni mpaka masikioni. Bahari iko kule. Mbele yetu tope na mchanga, kaa wanakimbizana, kina mama wa kijijini wameinama wanaokota kombe na chaza, na boti imelala ubavu, nanga yote iko nje na kamba imekauka. Nahodha amekaa juu ya ubao anakula muhogo. Akasimama akampa mama shikamoo yake, tukamuuliza tunaondoka saa ngapi, akasema "maji yakirudi mama, labda saa tisa, mimi niliwaambia ofisini." Mama akamwambia "marahaba mwanangu, basi wewe peke yako ndo mwenye akili humu." Mimi nilitaka kucheka ila mtoto wetu mdogo alishaanza kulia.

Saa tisa tukarudi. Boti haipo. Imechukuliwa na wageni wengine walioiwekea nafasi ya jioni, sisi saa yetu ilikuwa saa nne na "hatukuitumia". Haya, Jumapili kwenye bili nakuta boti, watu sita, elfu arobaini kila mmoja, laki mbili na arobaini. Nikasema si imo kwenye kifurushi? Jibu, na hapa mnishike nisidondoke: "boti imo boss, ila mafuta na nahodha havimo." Sasa boti bila mafuta bila nahodha ni nini si kitanda hicho?

Halafu ile picha ya tangazo. Maji ya bluu ya kung'aa unaona mpaka samaki chini. Bagamoyo gani hiyo? Mto Ruvu unaingia baharini hapo kaskazini mwa mji na tope lake lote, maji ya Bagamoyo ni ya kahawia toka enzi za mababu na sisi tunayapenda hivyohivyo, tumeogelea humo tumekua. Sina ugomvi na Mungu wala na Ruvu, ugomvi wangu ni na aliyechukua picha ya Unguja akaandika Bagamoyo. Watoto walikuwa wananiuliza ya bluu iko wapi.

Na wale kina mama wa chaza niliowataja, mlinzi alienda kuwapigia filimbi wasogee eti wanaharibu mandhari ya wageni. Mama akavua maboya pale pale akaenda kusimama nao. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka baharini, baa yao bamvua likijaa maji yanalamba ngazi, halafu anayefukuzwa ni mtu na kikapu chake? Haya tuliache hilo, nitaanza kutukana.

Bwawa. Jumamosi mchana tukasema basi watoto wakaoge bwawani, tukakuta limezungushiwa kamba, kuna semina. Mnazijua semina zetu, vitambulisho shingoni, mkoba wa kitenge kila mtu, spika kubwa, mc anasema "tujipongeze". Hawaogelei! Wamekaa tu kando ya bwawa wanapiga picha, na sisi tuliolipia tunaangaliwa kwa jicho kama tumezamia. Chakula cha mchana samaki wote wakaenda huko, tukabakiwa na mifupa na kachumbari, nikaambiwa nisubiri waongeze, hawakuongeza.

Chumba kilikuwa kikubwa na kitanda kizuri, shida eisi ilikuwa inadondosha maji kwenye godoro upande wa shemeji yenu. Fundi akaja na ndoo ya rangi, ile ya plastiki ya lita ishirini bado ina masalia ya rangi nyeupe ukingoni, akaiweka JUU YA KITANDA, akasema "usiku huu itasaidia". Tukalala tumeikumbatia. Kwa hiyo nayo tulilipia.

Ngoma ya usiku niseme ukweli ilikuwa nzuri, wale vijana wanajua, Bagamoyo sanaa wanayo na chuo wanacho, hao nawapa maua yao. Mmoja nilimpa kitu kidogo mkononi akanishukuru mpaka nikaona aibu. Wahudumu wengi pia hawana shida, wanatumwa tu, kuna dada mmoja wa jikoni alimletea mama maji ya moto kwa siri kwenye chupa ya chai.

Na msije na habari za "wanatubagua sisi weusi". Meza ya jirani walikuwa wazungu, baba mama na watoto wawili, nao wamepigwa maji elfu nane vilevile, wao walilipa kimya tu. Pale ngozi haiulizwi, inaulizwa pochi.

Turudi kwenye bili maana ndo kiini. Nyongeza yote 938,000. Juu ya 1,450,000 niliyokwishalipa! Ndani yake kuna VAT asilimia 18 ya kifurushi, 261,000, wakati tangazo linasema kodi ndani. Halafu kila nyongeza imeandikwa kwa dola kwanza, pembeni wanaibadilisha kuwa shilingi kwa kiwango chao ambacho ni kikubwa kuliko cha benki siku ile ile, nimeangalia. Jamani toka tarehe 28 Machi 2025 kuna kanuni, kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni humu nchini ni kosa. Nikamwambia meneja wa zamu, akaniambia "mfumo wetu umetoka nje ndo ulivyo". Mfumo mfumo mfumo, huo mfumo ukikosea kwa faida yangu je, nao ungeachwa hivyohivyo?

Nikadai risiti ya mashine. Mtandao uko chini. Nikakaa kwenye kochi la mapokezi, nikasema nasubiri mtandao upande, familia iko kwenye gari. Nimekaa pale mpaka wageni wapya wanaingia wanapewa juisi ya ukwaju na mimi nawaangalia, nikamwambia baba mmoja "muulize maji ni shilingi ngapi". Meneja akatoka mbio. Risiti haikutoka, nikapewa karatasi ya proforma, yani ankara tu siyo risiti, yenye muhuri. TRA kila siku wanatuimbia ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, haya nimedai.

Ninachotaka siyo kikubwa. Boti 240,000, VAT 261,000, mtoto 120,000. Jumla 621,000. Maji na soda, taulo za bwawa ambalo hatukuoga (ndiyo, taulo nazo), hayo nimeyameza. Nimewaandikia barua pepe na viambatisho vyote.

Kuna mdau kaniambia kwenye simu kwamba tangazo la uongo ni la Tume ya Ushindani, FCC, kwa ile Sheria ya Ushindani ya 2003, kuna sehemu nzima ya kupotosha wateja. Suala la dola ni la Benki Kuu, risiti ni TRA. Naomba wenye uzoefu waseme kama barua inatosha au lazima uende mwenyewe, na kama mwanasheria anahitajika, maana sina pesa ya mwanasheria, pesa yangu iko Bagamoyo.

UPDATE: Wamenipigia. Kumbe humu wanasoma. Meneja mwenyewe siyo wa zamu, anaongea taratibu "kaka tumesikitishwa sana na ulichopitia", ofa ni usiku mmoja bure, katikati ya wiki, watu wawili, nitumie ndani ya miezi mitatu. Nikamuuliza watoto? Wanalipiwa. Akamalizia kwa kuniomba nifute uzi kwanza ndo atanitumia vocha.

UPDATE 2: Mnaoniambia chukua vocha ukapumzike na wife, hapana. Nimemjibu kwa maandishi kwamba nataka 621,000 kwenye akaunti ile ile iliyotoka na risiti ya mashine kwa hela nyingine yote waliyobaki nayo, na nimempa mpaka Ijumaa. Uzi haufutwi. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya hoteli FCC aniambie alianzia wapi na ilichukua muda gani, PM iko wazi.