Vita vya kujitenga: raia wana uzito gani hasa?

Mdadisi: Wakuu, Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, ilikuwa na shaba, fedha na mamluki, lakini ilidumu miaka miwili na nusu tu. Eritrea ilipigana miaka 30 dhidi ya jeshi la Ethiopia, lililopewa silaha na Marekani, baadaye na Wasovieti, na ikashinda. Tofauti ni raia tu?

Kizito: Kwa Katanga, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kiongozi wake, Tshombe, alitangaza kujitenga 11 Julai 1960, na hazina yake ikajazwa na kodi za kampuni ya madini, Union Minière. Hakumhitaji mwanakijiji kwa lolote. Waluba wa kaskazini, kupitia chama cha BALUBAKAT, walimkataa tangu mwanzo, kwa hiyo askari wake walikuwa wakichoma vijiji ndani ya nchi waliyodai ni yao. Hakuna taifa lililoitambua.

Mama Ramani: EPLF, chama cha wapiganaji wa ukombozi wa Eritrea, kilifanya kinyume. Makada waliingia kijijini kimyakimya, wakachunguza nani ana ardhi, nani hana, nani anadaiwa na nani. Wakaunda vikundi vya siri vya watu wasio na kitu, ndipo ukaja mkutano wa kijiji na mashamba yakagawanywa upya. Huko Orotta hospitali ilifichwa milimani, na malori ya chakula kutoka Sudan yalitembea usiku kwa sababu mchana ni wa ndege za adui. Mtu wa namna hiyo akiulizwa na askari "wamepita wapi?", akinyamaza analinda shamba lake mwenyewe. (Kwamba chama hichohicho hakijaitisha uchaguzi mkuu tangu kura ya maoni ya 1993, huo ni mjadala mwingine.)

Kizito: Ila tusichanganye kuungwa mkono na kuogopwa. Kijiji kinaweza kulipa kodi kwa waasi kwa sababu zote mbili. Mimi huangalia vijana: wanajiunga au wanachukuliwa? Tamil Tigers, waasi wa Kitamil wa Sri Lanka, walianza na la kwanza, wakaishia na la pili, watoto wakiwemo. Oktoba 1990 waliwafukuza Waislamu wote wa kaskazini mwa Sri Lanka. Mwaka 2009, walipobanwa ufukweni, waliwapiga risasi Watamil waliojaribu kutoroka.

Mdadisi: Na Biafra, ile iliyojitenga mashariki mwa Nigeria? Waigbo walikuwa nyuma yake kweli.

Mama Ramani: Walikuwa, lakini ramani ya Biafra ilikuwa pana kuliko Waigbo. Sehemu kubwa ya mafuta na bandari ilikuwa kwa Waijaw, Waibibio na Waefik. Gowon, mtawala wa kijeshi wa Nigeria, aliliona hilo: 27 Mei 1967 aliigawa Nigeria katika majimbo 12, mawili yakawa ya makabila hayo madogo. Biafra ilitangazwa siku tatu baadaye, tayari pwani yake ina sababu ya kubaki Nigeria. Kufikia katikati ya 1968 bandari zilikuwa zimeshatekwa na njaa imeingia. Tanzania iliitambua Aprili mwaka huo, zikafuata nchi nne, lakini kutambuliwa hakufungui bandari.