Mrejesho: feni ya kupozea mota ya gari la rimoti

Wakuu, niliuliza feni ipi itafaa mota ya gari langu la rimoti, saizi 540, iliyokuwa inachemka nikipanda nalo vilima vya huku Mbeya. Ushauri wenu umenisaidia kweli, asanteni.

Nimefunga ya milimita 40 badala ya ile ya 30, juu ya kipozeo cha alumini kinachobana mota. Inasukuma hewa nyingi bila kuzunguka kwa kasi sana, hata kelele imepungua. Hapa mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ipo, lakini hewa ni nyepesi na inabeba joto kidogo, kwa hiyo naona ukubwa wa feni una maana zaidi huku kuliko Dar.

Umeme wa feni nachukua kwenye risiva (kifaa cha garini kinachopokea mawimbi ya rimoti), volti 6, si moja kwa moja kwenye betri. Betri ya LiPo (aina ya lithiamu) ya seli 2 ikijaa hufika volti 8.4, na feni ya volti 6 haitadumu hapo.

Kaka uliyesema niweke pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) yenye meno machache, ubarikiwe sana. Hilo limeshusha joto kuliko hata feni. Bado vumbi la kiangazi. Nalisafisha kwa brashi kila nikimaliza kuendesha.