Homa ya ini C: ribavirini inamtesa mzee, damu imeshuka hadi 10.4. Apunguze dozi?

Kisiwani_Nansio
Wakuu habarini. Ni kuhusu baba mkubwa, miaka 58, kilo 71, yuko Nansio, kliniki yake iko Mwanza mjini. Ana homa ya ini C, ini lina sirosisi (makovu) na tumbo liliwahi kujaa maji. Anakunywa kidonge kimoja kwa siku chenye sofosbuviri 400 na velpatasviri 100, pamoja na ribavirini za 200: mbili asubuhi, tatu saa 3 usiku. Yuko wiki ya 5 kati ya 12. Hemoglobini ilianza 13.1, juzi 10.4. Moyo na figo walisema salama. Anahema akitembea kidogo, anawashwa mwili mzima, halali, kiungulia nacho. Duka la dawa wamempa FeFo (vidonge vya kuongeza damu), omeprazoli ya kiungulia na Piriton ya muwasho. Mwenyewe anasema atameza siku moja na kuruka moja mpaka kliniki, wiki mbili zijazo. Nimwambieje?

Mfamasia_Igoma
Kuruka siku, mwambie asithubutu. Hapo kuna dawa mbili tofauti na mzee anazichanganya. Kidonge kimoja cha siku ndicho kinachoua kirusi, na hakipunguzwi wala hakikatwi nusu. Ukikiruka, kirusi kinapata nafasi ya kujifunza dawa. Ribavirini ndiyo inayomtesa, na hiyo daktari anaweza kuipunguza bila kuharibu tiba.

Kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo, hemoglobini ikishuka chini ya 10 ribavirini hushushwa hadi miligramu 600 kwa siku. Ikishuka chini ya 8.5 husimamishwa, na kidonge kikuu kinaendelea. Angekuwa na moyo mbovu tungeogopa mapema zaidi: kushuka kwa 2 tu ndani ya wiki 4 kunatosha kupunguza. Huyu yuko 10.4, yaani mlangoni kabisa. Wiki mbili ni nyingi. Apime FBP (picha kamili ya damu) hapohapo Nansio wiki hii, majibu yapigiwe picha yatumwe kliniki.

FeFo haitamsaidia. Ribavirini inapasua chembe nyekundu zilizokwishatengenezwa, si kwamba chuma kimepungua. Ni kama ndoo iliyotoboka, halafu wewe unahangaika na bomba. Chuma cha ziada ini lake halikihitaji, labda kipimo kioneshe kweli kimepungua.

Omeprazoli ndiyo inayonitisha zaidi. Velpatasviri inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Ukizima asidi, kidonge kinapita tu na dawa haifiki kwenye damu ya kutosha. Kama daktari ataona hana budi kuitumia, mpangilio ni huu: kidonge kikuu pamoja na chakula, halafu yapite saa 4 ndipo omeprazoli ya 20, si zaidi. Zile magnesiamu za kutafuna za kiungulia, kama anazitumia, nazo zikae mbali kwa saa 4. Kidonge saa 1 asubuhi na uji, magnesiamu kuanzia saa 5.

Mtaalamu_wa_Asili
Rozela na mlonge, damu itapanda ndani ya wiki. Ribavirini aache.

Mfamasia_Igoma
Mkuu, glasi ya rozela kama kinywaji sina ugomvi nayo, ila aisimulie kliniki. Haizibi ndoo. Unga wa majani na mizizi ya kuchemsha aweke pembeni mpaka tiba iishe. Ini lenye sirosisi halina nafasi ya majaribio.

Sista_wa_Zamu
Naongeza kwenye usingizi na muwasho.

Ribavirini ya jioni aisogeze: badala ya saa 3 usiku, ameze saa 11 jioni na chakula. Inaamsha akili, ndiyo maana anakodoa macho dari usiku kucha. Chai ya rangi iishe saa 8 mchana.

Piriton irudishwe dukani. Kwa ini kama lake, dawa za kusinziisha (Piriton, fenagani, valiamu) zinaweza kumvuruga akili. Na hapa ndugu yangu uwe makini sana: kukosa usingizi kwa ribavirini ni kitu kimoja, kusinzia mchana na kuzunguka usiku ni kitu kingine. Hiyo ya pili inaweza kuwa sumu ambayo ini limeshindwa kuisafisha inapanda kichwani. Mpe daftari, kila jioni aandike jina lake na tarehe, mstari mmoja. Herufi zikianza kuyumba, au akinyoosha mikono mbele viganja vikapiga kama mbawa, usingoje kliniki. Na choo asikose. Kufunga choo kunaharakisha hali hiyo. Kama aliandikiwa laktulozi, lengo ni choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku.

Muwasho: maji ya vuguvugu, si ya moto. Sabuni ya kufulia isiguse ngozi. Ajipake mafuta ya mgando mwili ukiwa bado na unyevu. Usiposhuka, aulize kliniki kuhusu setirizini, maana haisinzishi kama Piriton. Vipele vyenye malengelenge au vidonda mdomoni ni hospitali siku hiyohiyo.

Kisiwani_Nansio
Asanteni sana. Macho naona yana unjano kidogo. Na dawa anapangiwa na mama mkubwa, bado ni umri wa kuzaa. Kichwa kikiuma anakunywa diklofenaki.

Sista_wa_Zamu
Unjano kidogo unaweza kutokana na hizo chembe zinazopasuka, unaweza pia kuwa ini. Kwa macho hutajua. Waombe bilirubini igawanywe, ile ya jumla na ile ya moja kwa moja. Waulize pia kama homa ya ini B ilipimwa kabla ya kuanza, maana ikiwepo inaweza kuamka wakati C inazimwa.

Diklofenaki na aibuprofeni, marufuku: figo na damu ya tumboni. Parasetamoli ruksa, vidonge 4 vya 500 kwa siku nzima, basi.

Mama mkubwa apime mimba kabla ya yote. Ribavirini inaharibu mtoto tumboni, hata kama anayeimeza ni mume. Kinga ya uhakika wakati wote wa tiba na miezi 6 baada ya kumaliza. Vidonge visipondwe, na kilichovunjika asikishike.

Jiko_la_Kirumba
Kuhusu chakula, kwa sababu maji tumboni yalishawahi kumtokea: kayabo (samaki wa chumvi) iondoke nyumbani. Hata ukiiroweka usiku kucha, chumvi imeshaingia ndani ya nyama. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na ya kwenye mboga. Sato mbichi na dagaa waliokauka juani bila chumvi, sawa. Asipunguziwe kitoweo eti ini limechoka, misuli yake ndiyo itakayoliwa. Kabla ya kulala bakuli la uji wenye maziwa au karanga.

Kisiwani_Nansio
Kidonge kikuu alikitapika juzi, dakika 40 baada ya kumeza. Hakurudia.

Mfamasia_Igoma
Akitapika ndani ya saa 3, anameza kingine. Akisahau na hazijapita saa 18 tangu muda wake wa kawaida, ameze. Zikipita, asubiri cha kesho, asimeze viwili. Mwambie daktari siku aliyotapika, wapate kuhesabu vidonge vilivyobaki. FBP mnapima lini?

Kisiwani_Nansio
Kesho asubuhi.