Naomba ushauri: Python naielewa nikitazama video, nikifungua faili tupu nakwama

MgeniWaMsimbo: Wakuu, habari za saa hizi. Nimeanza kujifunza Python, na sikuwahi kugusa lugha nyingine yoyote ya programu. Nikimfuata mwalimu kwenye video kila kitu kinaingia: vigeu, if na else, kitanzi cha for, hata kutunga fanksheni. Nikiizima nikafungua faili jipya, sijui hata mstari wa kwanza uwe upi. Kuna wanaoniambia nilipaswa kuanza na C, wengine wanasema nirudie somo lote toka mwanzo. Nina nia ya kweli na jambo hili na sitaki kuliacha. Nifanyeje?

Kitanzi: Usirudie somo mkuu. Kuuelewa msimbo wa mwenzako na kuutunga wako ni kazi mbili tofauti, na wewe umefanya ile ya kwanza tu. Kila mfano ukiisha, zima video, uandike upya bila kuchungulia, halafu badilisha kitu kimoja. Mwalimu kachapisha 1 hadi 10? Wewe chapisha namba shufwa tu. Kisha zirudishe kinyumenyume.

MzeeWaTerminali: Mimi napingana na hao wanaokupeleka C. Ni lugha nzuri sana, na hiyo Python wengi wetu tunayoitumia imeandikwa kwa C. Lakini C itakudai mambo ya kumbukumbu ya kompyuta kabla hujaonja raha ya programu yako kufanya kazi. Guido van Rossum, kabla hajaitoa Python mwaka 1991, alishiriki kuiunda ABC, lugha iliyolenga watu wasio wataalamu wa kompyuta. Ule utaratibu wa kusogeza mistari ndani badala ya kufunga kwa mabano ulitoka huko. Kwa hiyo hujaruka hatua yoyote. Ila angalia umri wa masomo unayofuata: ukiona print imeandikwa bila mabano, hiyo ni Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Tafuta somo jingine.

Dada_Data: Weka hapa kitu ulichojaribu mwenyewe kikakugomea, hata kiwe kidogo namna gani. Tutakusaidia vizuri zaidi tukikiona.

MgeniWaMsimbo: Asanteni sana. Nilitaka programu imuulize mtu umri, imwambie mwakani atakuwa na miaka mingapi:

```
umri = input("Una miaka mingapi? ")
print(umri + 1)
```

Nikijaza 20 inaniletea: `TypeError: can only concatenate str (not "int") to str`

Dada_Data: Hapo ndipo penyewe. Ujumbe wa kosa anza kuusoma mstari wa chini kabisa, ndio unaotaja tatizo; wa juu yake unakuonyesha lilipotokea. Unachoambiwa ni kwamba umeshika maandishi ukayaongezea namba. input() hurudisha maandishi siku zote, hata mtu akiandika tarakimu tupu, kwa hiyo hiyo 20 Python inaiona kama herufi mbili, "2" na "0". Igeuze kwanza:

```
umri = int(input("Una miaka mingapi? "))
```

Kabla hujarekebisha, jaribu `umri * 2` uone. Haitagoma, itakupa 2020, maana maandishi yakizidishwa hurudiwa. Makosa ya namna hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu hakuna ujumbe utakaokustua.

MgeniWaMsimbo: Kweli imetoa 2020! Na baada ya kuweka int nimepata 21. Nimefurahi mno. Sasa nishike kazi gani, na ile ya faili tupu naitatuaje?

Kitanzi: Tengeneza mchezo wa kubahatisha namba. Kabla ya msimbo wowote, andika hatua kwa Kiswahili chako cha kawaida, kila moja ikianza na alama ya #; mstari wa namna hiyo Python huuruka wote:

```
# chagua namba ya siri kati ya 1 na 100
# muulize mchezaji anabahatisha ngapi
# kama imezidi au imepungua, mwambie
# rudia mpaka apate
```

Faili si tupu tena. Kila mstari hapo unageuka kipande cha msimbo: wa tatu ni if, wa nne ni while (kitanzi kinachorudia maadamu sharti ni kweli), na jibu la mchezaji unajua sasa kwamba linahitaji int. Ukikwama utajua umekwama kwenye hatua ipi, na swali utakaloleta hapa litajibika.

MzeeWaTerminali: Namba ya siri utaipata kwa `import random` kisha `random.randint(1, 100)`. Hiyo hujumuisha 1 na 100 zote mbili, tofauti na range, ile ya kuhesabu kwenye kitanzi cha for, ambayo huishia kabla ya namba ya mwisho. Na faili lako usiliite random.py, maana Python italichukua hilo badala ya lile lake na randint haitaonekana. Liite mchezo.py.